Wazee ni Hazina, na Hazina Haiwajui

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba maneno ni yale yale. Tangu Umoja wa Mataifa uitangaze siku hiyo, mwaka 1990, kuwa Siku ya Wazee Duniani, Tanzania haijapungukiwa na viwanja vya kuiadhimishia. Turubai hufungwa, fulana hugawiwa, mgeni rasmi hufika kwa kuchelewa, na wazee walioketi tangu asubuhi huambiwa kwamba wao ni hazina ya taifa. Hupiga makofi. Baada ya soda na picha hurejeshwa walikotoka, na tarehe 2 Oktoba kila mmoja huamka katika nyumba ile ile, na magoti yale yale, na swali lile lile la nani atamtekea maji.

Neno hazina lina maana mbili katika Kiswahili cha leo. Ya kwanza ni mali ya thamani iliyowekwa. Ya pili ni ile ofisi ya serikali inayoweka na kutoa fedha za umma, ambayo huandikwa kwa herufi kubwa. Kwa maana ya kwanza, mzee wa Tanzania Bara husifiwa kila mwaka. Kwa maana ya pili hajulikani, ila awe alipata kuajiriwa kwa mshahara. Na walio wengi hawakupata. Mkulima wa migomba, mfugaji, mama wa sokoni, fundi wa mtaani na mpagazi wa mlimani wamezeeka bila ya majina yao kuingia katika daftari lolote la pensheni. Hoja ya makala haya ni nyepesi kuisema: sifa wanazopewa wazee na familia zao zimegeuzwa kuwa malipo, na kwa kuwa sifa hazigharimu kitu, deni halisi halijaanza kulipwa.

Hakuna mji unaofaa kuipimia hoja hii kuliko Arusha. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko, na tarehe 5 Februari likatangazwa Azimio lililobeba jina la mji. Jumba la Kaloleni linalolihifadhi Azimio hilo leo ni makumbusho, na mnara wake umesimama karibu. Wengi hukumbuka kutoka katika Azimio habari za mabenki na viongozi wasiopangisha nyumba. Wachache hukumbuka kwamba Azimio lilipoeleza nchi isiyo na unyonyaji, nchi ambayo kila mwenye nguvu hufanya kazi, liliwataja wale wasiopasa kudaiwa kazi hiyo: watoto wadogo, wasiojiweza, na wazee ambao umri umewachukulia nguvu zao. Basi mzee alikwishaondolewa mzigo kwa maandishi, katika hati kubwa kuliko zote za siasa ya nchi hiyo, na iliandikwa Arusha.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile sasa anakaribia 80. Amtafutaye asiende makumbusho. Aende soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, chini ya barabara kuu iendayo Moshi, akawatazame akina bibi walioteremka na mikungu ya ndizi kutoka Akheri, Poli na Nkoaranga. Miongoni mwao wamo wenye umri ambao Azimio liliukusudia. Kadhalika aende Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi hiyo ili wapewe walowezi wa Kizungu, nyumba zikatiwa moto, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Mtoto aliyeshuhudia moto ule sasa amekaribia au amevuka miaka 80. Kisa chake husomeshwa kuwa mwanzo wa mapambano ya uhuru. Yeye mwenyewe, kama bado yu hai, anaishi kwa kadiri ya huruma ya walio karibu naye.

Atakayesema kuwa dawa ya hayo ni ajira rasmi, Arusha inalo jibu jingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa na makao yake makuu mjini humo, na ilipovunjika mwaka 1977 wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa na madai ya pensheni. Hao walikuwa na vyeti, namba na barua za ajira. Walizeeka wakiwa mahakamani. Serikali ya Tanzania ilifikia nao makubaliano mbele ya mahakama mwaka 2005, miaka 28 baadaye, na hata baada ya hapo wengi walidai kuwa hawakulipwa kamili. Wakati huo Jumuiya mpya ilikuwa imekwisha kuanzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha ile ile mwaka 1999. Ikiwa mwenye barua ya ajira alingoja miaka 28, seuze bibi wa mgombani ambaye mwajiri wake alikuwa jembe.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Ilisema kwamba familia ndiyo taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee, na kwamba makao ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Kauli hiyo haina ubaya wowote. Mzee mwenyewe ndivyo apendavyo. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Makao ya serikali, kama Njoro kule Kilimanjaro, Magugu kule Manyara au Nunge kule Dar es Salaam, yanawahifadhi wachache waliokosa kila mtu, na hayakujengwa ili yawe jibu la nchi nzima. Kosa la Sera si kusema kwamba mzee akae nyumbani. Kosa ni kulitaja neno nyumbani kana kwamba nyumba hujiendesha yenyewe.

Basi na itazamwe nyumba moja ya mfano katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Imezungukwa na migomba na mibuni michache iliyobaki. Njia ya kuifikia ni ya udongo mwekundu, na masika, kati ya Machi na Mei, huteleza hata kwa kijana. Choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, hapana pa kushikilia, na mwenye magoti ya miaka 75 huchuchumaa kwa kumwomba Mungu. Jiko ni la mafiga na kuni, moshi umejaa chumbani. Juni na Julai huja baridi ya mlimani, na blanketi ni moja. Mzee akiteleza usiku akavunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwanzo wa mwisho wake. Nguzo mbili za mti zilizochimbiwa pembeni mwa shimo la choo zingemwokoa. Hazijawekwa, kwa sababu hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuingia katika nyumba ya mzee na kuona kwamba nguzo hazipo.

Kisha yako maji. Mlima Meru ni volkano, na maji mengi yatokayo katika miamba yake yana fluoridi nyingi kupita kiasi. Mto Maji ya Chai umepata jina kwa rangi yake, lakini madhara makubwa hayaonekani kwa macho. Watoto wa Ngarenanyuki, Maji ya Chai na Oldonyo Sambu hujulikana kwa meno ya kahawia, na wengine miguu hupinda. Kinachosemwa kidogo ni kile kinachowapata baada ya miaka 60 ya kuyanywa maji hayo: mifupa hukakamaa, mgongo huuma, shingo hukataa kugeuka, na yote hayo huitwa uzee. Magadi yanayolainishia maharage na makande huongeza fluoridi juu ya ile ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu 8 kwa kigezo cha muda cha mwaka 1974, ikateremka hadi 4, na ni mwaka 2018 tu ilipofika 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaweza kuyachuja maji hayo nyumbani, na mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015, ulikusudia pamoja na mengine kuwapatia watu maji yenye fluoridi kidogo. Hayo ni mema kwa mtoto wa leo. Mwenye miaka 80 aliyajenga maungo yake kwa maji yaliyoruhusiwa na serikali, na malipo yake ni kuambiwa kwamba viungo vya wazee ndivyo vilivyo.

Maradhi mengine hayasemi kabisa. Wilaya ya Hai, jirani wa mashariki, imechunguzwa kwa makini kuliko wilaya nyingi za Afrika kuhusu afya ya wazee, kwa kazi ya watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Uingereza. Katika uchunguzi mmoja wa watu wenye miaka 70 na zaidi, takriban 7 kati ya kila 10 walikutwa na shinikizo kubwa la damu. Wengi hawakujua, na waliokuwa wakitibiwa mpaka likashuka walikuwa wachache mno. Katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, wazee 1,198 walipimwa, na kwa makadirio asilimia 6.4 walikuwa na maradhi ya kusahau, yale ambayo mtu hupotea njia ya nyumbani kwake na kuuliza jina la mwanawe. Mlima hauwi mpaka wa maradhi. Hapana sababu ya kudhani kwamba Meru iko salama kuliko Hai.

Watafiti hao walifanya na jambo jingine ambalo wenye sera wangepaswa kulisoma mara mbili. Waliwakusanya wazee wenye kusahau katika vikundi vidogo, wakawafanyisha vikao vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kukumbuka mambo ya zamani. Hawakutumia mashine ya ghali. Kikundi kilikuwa kidogo, lakini akili za walioshiriki zilionyesha nafuu na wasiwasi wao ukapungua. Hicho ni kitu ambacho baraza za visiwani zimekifanya tangu dahari, na wazee wa mlimani wamekifanya kwenye mbege. Tofauti ni kwamba mzee asiyeweza tena kutembea hafiki barazani, na baraza haijapata mtu wa kuipeleka kwake.

Je, nani anayemtunza mzee huyo sasa? Jina lake ni familia, nalo ni jina la kuficha. Zamani, katika jamii nyingi za mlimani, kitinda mimba alibaki katika nyumba ya mama. Leo kihamba kimegawanywa hata hakigawanyiki tena, bei ya kahawa ilianguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vijana wamekwenda Mererani kuchimba tanzanaiti, au mjini, au kubeba mizigo ya watalii. Aliyebaki ni mkamwana, au binti aliyeachika, au mjukuu wa kike wa miaka 13. Huyo ndiye huamka usiku kumgeuza mzee. Huyo ndiye humwosha, humlisha, hufua shuka, hukata majani ya ng'ombe na kumtimua kuku kwa wakati mmoja. Hana siku ya mapumziko, na mara nyingi hana anayemwuliza kama yeye mwenyewe amekula. Na si haba walio kinyume chake: bibi wa miaka 72 anayewalea wajukuu walioachwa na UKIMWI au na wazazi waliokwenda kutafuta. Hapo mtunzwaji ndiye mtunzaji, na Sera inamwita familia.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia fedha katika jambo hili ni kuuvunjia heshima utamaduni. Mwafrika, watasema, humtunza mzazi wake kwa mapenzi, na ukimlipa mzee pensheni watoto watajitoa. Hoja hii husemwa kwa sauti kubwa na wanaume ambao hawajapata kumgeuza mgonjwa kitandani. Jibu lake limo Muleba, mkoani Kagera, ambako tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee la Nshamba limewapa kiinua mgongo kidogo cha kila mwezi wazee, wengi wao akina bibi wenye yatima. Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina lililotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa sababu hivyo ndivyo fedha zilivyotumika. Hakuna utamaduni uliovunjika kwa sabuni. Mapenzi hayapungui mzee anapokuwa na shilingi ya kumtuma mjukuu dukani. Huongezeka, kwani mkono mtupu haulambwi, na kila aliyeishi katika nyumba ya watu maskini anaujua ukweli huo hata asipoutamka.

Wapo watakaosema kwamba nchi ni maskini. Hao wajibiwe na visiwa. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha zake yenyewe, bila kumwuliza kama aliwahi kuajiriwa au kama ana mtoto Maskati. Kiasi hicho kimekwisha kupandishwa hadi 50,000. Kenya ilianza mwaka 2018 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko. Uganda ilianza kwa majaribio ya wilaya chache, ikafikia kuwalipa wenye miaka 80 na zaidi nchi nzima shilingi 25,000 za Uganda. Hakuna hata mmoja katika hao watatu aliye tajiri. Tanzania Bara ilikuwa nao uchunguzi wake mwenyewe wa mwaka 2010, uliofanywa na wizara ya kazi pamoja na HelpAge International, kuhusu uwezekano wa pensheni kwa wazee wote. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wenye miaka 60 na zaidi kuwa watu milioni 2.5, asilimia 5.6 ya Watanzania. Kwa wenye miaka 70 idadi ni ndogo zaidi. Hesabu ilikuwapo na hesabu inawezekana. Kilichokosekana ni aliyeiona haja.

Visiwani nako kusiimbwe kasida mapema. Shilingi 50,000 hazitoshi dawa, chakula na nauli, na mwenye miaka 65 aliyechakazwa na shamba la mwani hazipati. Sebleni na Welezo ziliwapa wazee wasio na watu pahala pa heshima, lakini hazikufundisha namna ya kumfikia aliye kwake Makunduchi au Micheweni. Hata hivyo, kati ya anayelipa kidogo kwa haki na anayesifu sana kwa bure, tofauti ni kubwa. Mzee wa Unguja huenda kupokea chake. Mzee wa Arusha huenda kuomba.

Wapo, hatimaye, watakaosema kwamba matibabu ya mzee ni bure na TASAF inagawa fedha. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993 wazee wasiojiweza wamekuwa katika orodha ya wasiotozwa, na katika hospitali nyingi limeandikwa dirisha la wazee pamoja na maneno ya kutaka mzee apishwe kwanza. Ni jambo jema kwa mzee aliyekwisha kufika dirishani. Kabla ya hapo ilimpasa athibitishe kwamba hajiwezi, apate kitambulisho au barua ya mtendaji, akodi bodaboda ya kumteremsha mlimani; na baada ya hapo mara nyingi huambiwa kwamba kumwona daktari ni bure ila dawa akanunue. TASAF nayo, katika mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, hutazama umaskini wa kaya. Umri peke yake haumpi mtu haki. Kwa njia zote mbili mzee hupewa kwa kuwa fukara, na lazima auonyeshe ufukara wake mbele ya vijana wa kijiji aliowazalisha au kuwafundisha mwenyewe.

Kwamba huduma inaweza kumfuata mtu kwake si ndoto. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Ngaramtoni, imekuwa kwa miaka mingi na kikosi cha tiba shufaa kinachotoka hospitalini kwenda majumbani, vijijini kwa Waarusha na mitaani mjini, pamoja na watu wa kujitolea kutoka sharika. Hupeleka dawa ya maumivu, hukaa, huzungumza na anayeuguza. Walianza na wenye saratani na UKIMWI. Kinachofanyika kwa anayekufa kinaweza kufanyika kwa anayezeeka. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 katika miaka 5, watakaolipwa na kuzungukia kaya. Mpango huo ukiwa ni wa mama na mtoto peke yao, bibi atakaa kitandani chumba cha pili akimsikia mhudumu akiingia na kutoka.

Wala wenye kalamu hawakusalimika katika lawama hii. Kiswahili cha pwani humwita mzee mtu mzima, na mzima huyo ni yule aliyekamilika, na pia ni yule asiye na maradhi. Lugha ilimpa mzee cheo cha ukamilifu. Magazeti yakaja yakampa cheo kingine: kikongwe, vikongwe. Herufi mbili zinatosha kumtoa mtu mahali pa mtu na kumweka pamoja na viti na vikapu. Washairi nao wamejaza diwani na majarida sifa za mama: maziwa yake, uchungu wake, radhi zake. Ni nadra kukuta ubeti unaosema kwamba mama huyo sasa hawezi kufika chooni na kwamba dada ndiye anayembeba. Ushairi wa sifa umefanya kazi ile ile ya hotuba ya tarehe 1 Oktoba: umemnyanyua mzee juu sana hata magoti yake hayaonekani.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kinawapa wazee haki ya hatua maalumu za kuwalinda, na mahakama ya bara zima inayousimamia mkataba huo inakaa Arusha. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2016 itifaki kamili ya haki za wazee. Ilihitaji nchi 15 tu ziridhie, na ilipoanza kuwa na nguvu ulikuwa mwaka 2024. Viongozi wa bara ambalo kila mmoja wao huapa kwa heshima ya wazee walichukua miaka 8 kupatikana 15.

Yanayotakiwa yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. La kwanza, pensheni kwa kila mwenye miaka 70 Tanzania Bara, kama ilivyo Zanzibar, kwa haki ya umri na bila mtihani wa ufukara. Kisha umri huo uteremshwe kadiri nguvu itakavyoruhusu. La pili, kila mhudumu wa afya wa kijiji na mtaa awe na orodha ya wazee wake, kipimo cha shinikizo la damu katika mkoba wake, na wajibu wa kuingia mpaka chumbani na mpaka chooni. La tatu, anayemtunza mzee asiyejiweza ahesabiwe kuwa anafanya kazi, apewe posho, afundishwe namna ya kumgeuza na kumnyanyua, na awe na mtu wa kumpokea japo siku moja kwa wiki. La nne, maji ya kunywa ya vijiji vya Meru yachujwe bila kungojea miradi mikubwa imfikie mtu wa mwisho.

Tarehe 1 Oktoba ijayo turubai litafungwa tena. Wazee watakaopelekwa uwanjani wana haki ya kumwuliza mgeni rasmi, kabla hajaanza kusoma, maswali matatu: pensheni itaanza lini; nani atakuja nyumbani, na siku gani; na binti aliyebaki nyumbani leo akimwuguza mwenziwao asiyeweza kuja atalipwa na nani. Akiwa na majibu, wampigie makofi. Akiwa hana, ila amewaletea tena habari ya hazina, basi waiache soda mezani, wainuke kwa fimbo zao, wadai nauli ya kurudi.